Jina Halikutoka

Zamani orodha ya waliopandishwa ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na aliyerukwa alikuwa na uwezo wa kuisoma jioni, peke yake, wenzake wakishaondoka. Siku hizi inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, PDF iliyoskaniwa kiupande, na kabla hujaisogeza hadi kwenye herufi ya jina lako wenzako wameshaanza kupongezana. "Hongera sana kiongozi." "Mungu ni mwema." "Supu lini?" Aliyerukwa naye inambidi aandike chochote, maana kundi linaonyesha nani amesoma, na ukimya wake utahesabiwa. Anaandika hongera, anaweka na vile viganja viwili vilivyoshikamana, kisha anaizima simu.

Ushauri anaopewa mtu wa namna hii unafahamika: jipe moyo, ongeza elimu, muulize mkuu wako umepungukiwa wapi. Si ushauri mbaya, ila unaruka swali la kwanza: umerukwa na nani, au umerukwa na nini?

Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania swali hilo lina majibu mawili yasiyofanana, ingawa kwenye vikao vya harusi yote mawili huitwa kupanda cheo. Kuna daraja na kuna madaraka. Daraja ni ngazi ya mshahara ndani ya kada yako: mwalimu wa shahada anaanzia TGTS D, na akitimiza muda uliowekwa kwenye muundo wa utumishi, tathmini yake ikiwa nzuri na bajeti ikiwepo, anatazamiwa kwenda E, halafu F. Madaraka ni kiti: mkuu wa shule, mkuu wa idara, mweka hazina, mkurugenzi. Daraja mnalingoja pamoja, ninyi mlioajiriwa mwaka mmoja. Kiti wanakitazama watu kumi na anakikalia mmoja, na si ajabu anayekikalia akawa hakuwemo kati ya wale kumi.

Aliyerukwa daraja, mara nyingi, amerukwa na karatasi. Kila mwaka wa fedha mwajiri huandaa ikama, yaani idadi ya watumishi na vyeo vitakavyolipiwa, pamoja na tange, orodha ya watumishi kwa ukuu wao kazini. Tarehe yako ya kuajiriwa ikiwa imekosewa kwenye tange, barua ya kuthibitishwa kazini ikiwa imebaki kwenye faili la halmashauri uliyohama, au cheki namba yako ikigoma kwenye mfumo, umekosa. Hakuna aliyekaa mezani akasema fulani hafai. Anayelijua hili huenda kwa afisa utumishi na nakala tatu za kila kitu. Asiyelijua huenda kwa rafiki zake, na ikifika saa mbili usiku anawajua kwa majina waliomfanyia.

Tathmini nayo si mzani wa kumlaza mtu macho. Mwaka 2004 ulianzishwa mfumo wa OPRAS ili kuachana na ripoti ya siri, ile ambayo mkuu aliiandika na wewe hukuiona. Fomu mpya ilijazwa na wawili, mkuu na msaidizi wake, wakikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka na kuyapima mwishoni. Kwa vitendo, sehemu nyingi fomu ilijazwa yote kwa mkupuo mwezi Juni, malengo yakiandikwa baada ya kazi kukamilika, na hiyo ni njia ya uhakika sana ya kutimiza malengo. Sasa imekuja PEPMIS, inayojazwa kwenye simu na kompyuta. Wapo wanaolazimika kwanza kupanda kilima kutafuta mtandao ndipo wathibitishe kwamba walikuwepo kazini.

Nguvu ya karatasi ilionekana nchi nzima mwaka 2016, pale serikali iliposimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa na sababu zake, na hakuna mwenye cheti halali aliyewalilia hao. Lakini gharama iliwafikia pia wenye vyeti halali. Wapo waliokuwa wameshashika barua za kupandishwa, zimesainiwa na kugongwa muhuri, zikawa hazina kazi. Madaraja yaliporudi yalirudi kwa mafungu, hata ikabidi baadaye uje utaratibu wa mserereko kuwasogeza waliopotezewa muda. Katikati ya hapo ungeingia ofisi ya walimu ukakuta aliyeajiriwa 2012 na aliyeajiriwa 2014 wako daraja moja, na yule wa 2012 akimpigia hesabu hiyo kila mgeni aliyekaribishwa chai.

Ukiwasikiliza watumishi wakisimulia kipindi kile, utagundua kwamba uchungu haukuwa mkali zaidi wakati milango yote ilipofungwa. Walilalamika kwa sauti moja, wakataniana, wakaendelea na kazi. Manung'uniko ya mtu dhidi ya mtu yaliingia orodha zilipoanza kutoka. Mwanasosholojia Samuel Stouffer na wenzake waliliona jambo la aina hiyo kwa askari wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili, wakalichapisha mwaka 1949 katika kitabu The American Soldier. Polisi wa jeshi, ambako kupanda cheo kulikuwa kwa nadra, waliuridhia utaratibu wa vyeo kuliko askari wa kikosi cha anga, ambako vyeo vilimwagwa. Kule kwa polisi aliyebaki chini alibaki na wengi. Kule angani alibaki akiwapigia saluti wenzake wa jana. Kwa hiyo mkurugenzi anaposimama kwenye kikao na kutangaza kwa fahari kwamba safari hii wamepandishwa wengi, anamwongezea mzigo yule mmoja aliyebaki, na hajui.

Halafu kuna hesabu ya nyumbani, ambayo washauri wa mambo ya moyo huipita haraka kama vile mtu hula heshima. Makato ya mtumishi hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi ya mshahara wake wa msingi, na wengi wameshaegemea ukingo huo kwa mkopo wa benki na wa SACCOS. Daraja jipya ndilo linalofungua nafasi ya kuongeza mkopo. Mwenye boma lililosimama kwenye renta ameshazungumza na fundi kabla orodha haijatoka. Mbao ameshaulizia bei, na rangi ya bati wameshabishana na mwenzi wake hadi wakapatana. Jina lisipotoka, boma linakaa masika mengine bila paa, na majirani hawahitaji kuona PDF. Hasara hiyo haikomi hata siku ya kustaafu, kwa kuwa kikokotoo cha mafao hutazama mishahara ya miaka ya mwisho kazini. Aliyecheleweshwa daraja moja akiwa na miaka 50 anaendelea kucheleweshwa akiwa na 70. Ndiyo maana namwona wa busara mtu anayefuatilia daraja lake kwa ung'ang'anizi, akapanda basi kwenda wilayani na bahasha yake ya kaki, kuliko anayejisifu kwamba yeye mambo ya vyeo ameyaacha kwa Mungu.

Madaraka ni habari nyingine. Huko kuna mtu aliyechagua, na alichagua mwingine.

Namfahamu dada mmoja, mhasibu mwandamizi katika halmashauri ya nyanda za juu. Mweka hazina wao alipohamishwa, yeye alipewa barua ya kukaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 hazikukusudia mtu akaimu nafasi iliyo wazi bila kikomo. Miezi sita ndiyo inayotajwa. Yeye alikaimu kwa zaidi ya miaka miwili. Aliongoza vikao vya fedha, alijibu hoja za wakaguzi, alikesha Juni 30 kwenye mfumo wa malipo ili fedha za miradi zisirudi Hazina. Kwa muda wote huo, juu ya jina la cheo, aliandika kwa kalamu herufi ndogo mbili au tatu zinazosema kwamba anayesaini si mwenyewe. Mkono ulizizoea hadi siku moja akaziweka kwenye daftari la mahudhurio ya mtoto wake shuleni.

Kisha barua ikatoka Dodoma. Aliyeletwa ni kijana kutoka mkoa mwingine, mdogo kwake kwa karibu miaka kumi. Asubuhi ya kwanza kijana aliingia, akainama kidogo, kwa adabu ya kwao:

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mkuu."

Wamekuwa wakisalimiana hivyo hadi leo, na sijui lugha nyingine ambayo ingewawezesha watu wawili kupandishana na kushushana kwa maneno manne bila yeyote kukosewa heshima. Baada ya salamu kilifuata kibarua. Funguo za kasiki. Rejesta ya masurufu. Mgavi gani anadai kwa haki na yupi anadai kwa mazoea. Diwani yupi lazima apigiwe simu kabla ya kikao ili asilete hoja kikaoni. Yote hayo hayako kwenye hati ya makabidhiano, na yeye ndiye aliyekuwa nayo kichwani. Watu wa pembeni walimshauri asimfundishe. "Mwache ajikwae, waone tofauti." Ni ushauri unaopendwa sana na wasiokuwa na saini zao kwenye vocha. Yeye alikuwa nazo za miaka miwili, na alijua kwamba bosi mpya akijikwaa kwenye ukaguzi, wakaguzi wataanza kuuliza nani alikuwepo kabla yake.

Kwa nini hakuthibitishwa? Sababu rasmi hakupewa. Wapo wanaosema hakuwa na mtu, na huenda ni kweli. Kubebwa kupo, na anayekana kubebwa kupo kwa kawaida amebebwa. Lakini kuna sababu nyingine ambayo aliyerukwa haipendi kuisikia kwa kuwa inafanana na sifa. Mtu anayeishika idara yote kichwani ni hasara kumwondoa alipo. Mkurugenzi aliyekuwa na kaimu anayefanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja hakuwa na haraka ya kubadilisha mpango huo. Laurence Peter na Raymond Hull waliandika mwaka 1969, nusu kwa mzaha, kwamba katika taasisi kila mtu hupandishwa hadi afike pale asipoweza. Ila wapo pia wanaoweza vizuri mno: wanaachwa hapohapo, na kila Mei Mosi wanapewa cheti cha mfanyakazi hodari, pengine na jokofu.

Watu hufanya nini basi? Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam yamepigiliwa matangazo ya waganga wanaotibu kurudisha mpenzi, kusafisha nyota, mvuto wa biashara na kupandishwa cheo kazini, namba ya simu chini. Sijasikia mganga aliyehama kutoka nguzo ya umeme kwenda kwenye bango. Wengine hukimbilia darasani, na hili linaheshimika zaidi, hivyo ni gumu kulikosoa. Shahada ya uzamili inayosomwa kwa hasira ni ghali: ada, nauli za wikendi, usiku wa tasnifu. Na katika kada nyingi muundo wa utumishi hauitambui kwa kupanda daraja. Anayebadilisha kada kabisa baada ya kusoma anaweza kujikuta ameanza upya kwenye mstari wa kusubiri, nyuma ya vijana aliowafundisha. Isomwe kwa kupendwa kusomwa, au kwa kuwa kuna tangazo la kazi linaloitaka kwa jina.

Dawa inayotumika kuliko zote haihitaji ada. Ni kususa bila kutangaza. Mtu anafika saa moja na nusu, anasaini, anafanya alichoandikiwa na si zaidi, na saa tisa na nusu kalamu iko chini. Namwelewa. Kwa muda mfupi ni haki yake, pengine hata ni mapumziko aliyokuwa akiyahitaji. Kwa muda mrefu inamla yeye kuliko ofisi. Utafiti maarufu wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 kwa kuwafuatilia makarani na maofisa wa serikali wapatao 18,000 jijini London, wanaume watupu, ulikuta kwamba vifo viliongezeka kadiri ngazi ya kazi ilivyoshuka, na walio chini kabisa walikufa kwa kiwango kama mara tatu ya walio juu. Hao hawakuwa maskini wa kutupwa. Wote walikuwa na mshahara na daktari. Michael Marmot, aliyeufanyia kazi utafiti huo kwa miaka mingi, alitilia mkazo suala la mtu kuwa na usemi juu ya kazi yake mwenyewe: lipi lifanywe, lini, kwa namna gani. Anayesusa huachilia kwa hiari hata ule usemi mdogo aliobakiwa nao. Afadhali kung'ang'ania kipande kimoja cha kazi kikawa chako, hata kama ni maktaba ya shule au bustani ya zahanati, na kuiacha ofisi nyingine ijiendeshe kwa kasi yake.

Wapo pia walioamua kutosusa kimya. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, askari wa Tanganyika Rifles waliwakamata maofisa wao Waingereza. Uhuru ulikuwa na miaka miwili na kidogo, na bado amri zilitolewa na Waingereza huku masajini Waafrika, wengine wakiwa wametumika tangu King's African Rifles, wakisubiri. Walitaka mishahara bora na maofisa Waafrika. Kesho yake wa Tabora nao wakafuata. Ndani ya juma hilo moto ukawaka pia katika kambi za Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Ukiyasoma madai yao bila bunduki, ni madai ya watu waliochoka kurukwa, na kwa sehemu kubwa walikuwa na haki. Januari 25 makomando wa Uingereza walishuka kutoka manowari ya Centaur, maasi yakaisha, jeshi lote likavunjwa na viongozi wa uasi wakafikishwa mahakamani. Mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi, likiongozwa na Mtanganyika, Mirisho Sarakikya. Dai lilitimizwa, ila waliodai hawakuwemo kwenye orodha.

Katika sekta binafsi hakuna tange wala muundo wa kuegemea, na mwajiri ana uhuru mpana wa kumpandisha amtakaye. Uhuru huo una ukuta mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu au umri, na inataja wazi kupandishwa cheo kuwa miongoni mwa mambo yanayohusika. Mwanamke aliyerukwa kwa sababu alikuwa na ujauzito orodha ilipoandaliwa ana kesi, si malalamiko tu, na pa kuipeleka ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wa kufungua mgogoro usiohusu kuachishwa kazi ni siku 60. Kinyongo hakina ukomo wa kisheria, na wengi hukilea hadi siku za kufungua mgogoro zikapita.

Dada yetu mhasibu hakwenda kokote kudai kiti. Alipima, akaona kiti ni cha mteuzi na hakuna kifungu cha kukidai. Lakini kipo alichostahili kwa maandishi: posho ya kukaimu, ile tofauti kati ya mshahara wake na wa nafasi aliyoishika, kwa miezi yote. Alikusanya barua ya kukaimishwa, mihtasari ya vikao na hati za mshahara, akaandika barua ya ukurasa mmoja isiyo na neno hata moja la uchungu, akaipeleka masijala na kurudi na nakala yenye muhuri na tarehe. Mkurugenzi aliisoma, akaandika pembeni kwa wino wa kijani: ipelekwe kwa Mweka Hazina, ashauri kama fungu lina fedha. Mweka Hazina alimwita ofisini, akamwamkia, akamwomba amwonyeshe fungu hilo liko wapi kwenye mfumo.